Baiti ishirini: wikendi niliyokaribia kuifuta kanzidata ya ofisi

Ijumaa moja ya Agosti 2023, saa tano na robo usiku, nilikuwa nimeshaandika amri ya kufuta kanzidata ya ofisi yetu, yaani daftari la kompyuta linalotunza kumbukumbu za mfumo wetu wa mafaili. Kilichobaki ni kubonyeza Enter. Amri yenyewe ni fupi: `docker compose down -v`. Bila ile `-v` inazima na kuondoa kontena tu, yaani vile vifurushi ambamo programu zinatembea, kesho unaziunda tena. Ukiiweka, inaondoka pia na volyumu, yaani pale data inapokaa.

Ushauri niliokuwa nimeusoma ulisema futa volyumu ya zamani, washa upya, rudisha bakapu, yaani nakala ya akiba. Ulionekana kazi ya dakika kumi. Akili yangu wala haikuchangia chochote kuniokoa. Nilitaka tu kunakili jina la faili la bakapu ya jana yake ili nisilitafute baadaye, nikaandika `ls -l` kwenye folda ya bakapu, macho yakatua kwenye safu ya ukubwa.

20.

Nikadhani ni megabaiti. Nikasogea karibu na skrini. Zilikuwa baiti. La juzi yake baiti 20, la wiki iliyopita baiti 20. Nikapandisha juu mpaka Juni 2022: mafaili 418, kila moja na tarehe yake safi kwenye jina, na yote yana baiti 20.

Sitasahau jinsi mikono ilivyopoa. Nilifuta ile amri herufi moja moja kwa kitufe cha kurudi nyuma, taratibu, kama mtu anayetoa mguu kwenye tope.

Nianze mwanzo, maana kuna watu wengi kama mimi: umeajiriwa kwa kazi nyingine, seva ikakuangukia. Mimi ni mchoraji ramani katika ofisi ndogo ya upimaji ardhi hapa Morogoro, watu kumi na mmoja. Seva nilipewa kwa sababu niliwahi kurekebisha printa. Wapimaji wetu wanarudi kutoka saiti na picha za bikoni (alama za mipaka ya viwanja), mafaili ya GPS na skani za fomu zilizosainiwa na majirani wa kiwanja. Zamani vyote hivyo vilipita WhatsApp na flashi, na kila mwezi kulikuwa na flashi moja iliyopotea. Juni 2022 nikachukua kompyuta ya mezani iliyotumika, nikaitia diski mbili za terabaiti 2, nikaweka Ubuntu 20.04, na juu yake Docker, programu ya kuendesha kontena, yenye kontena mbili: Nextcloud toleo la 24, mfumo wa kutunza na kushirikishana mafaili, na PostgreSQL toleo la 13 kama kanzidata yake. Ikafanya kazi vizuri mno kiasi kwamba sikuigusa kwa miezi kumi na minne.

Hapo ndipo tatizo lilipoota. Kila toleo kubwa la Nextcloud linapata marekebisho ya usalama kwa takriban mwaka mmoja tu. La 24 lilikuwa limekatiwa Aprili 2023, mimi nimekaa. Nilipogundua nikataka kulipa deni lote kwa mkupuo mmoja, Ijumaa jioni, watu wakishaondoka.

Kwenye faili la mipangilio la Docker Compose kuna mistari miwili inayosema ni toleo gani la kila kontena. Mmoja ulikuwa na 24, mwingine 13. Nikaweka `latest`, yaani toleo jipya lililopo, kote kuwili. Wakati ule ilimaanisha Nextcloud 27 na PostgreSQL 15. Nikanunua bando, maana imeji hizi, mafaili ambayo kontena zinajengwa kutokana nayo, ni mamia ya megabaiti, nikavuta, nikawasha.

Zote mbili zikagoma. Kontena ya Nextcloud iliandika kwamba haiwezi kuruka matoleo: ukiwa 24 unapita 25, halafu 26, halafu 27, kila moja kwa zamu yake. Ya PostgreSQL ikasema `database files are incompatible with server`, folda ya data iliandaliwa na toleo la 13 na haipatani na toleo hili la 15.

Nimeusoma ujumbe ule mara nyingi tangu siku hiyo, na kwa kweli ni wa kiungwana. PostgreSQL hubadilisha mpangilio wa ndani wa mafaili yake kwenye kila toleo kubwa. Kutoka 13.4 kwenda 13.11 unabadilisha programu tu na data inabaki ilipo. Kutoka 13 kwenda 15 data lazima ihamishwe, ama kwa `pg_upgrade`, ama kwa kuitoa yote na kuiingiza upya. Ndani ya folda ya data kuna kafaili kanaitwa `PG_VERSION` chenye namba tu, na seva inapowaka inakisoma kwanza. Namba ikiwa siyo yake inakataa kuwaka, na haijagusa kitu. Maana yake ni kwamba muda ule hakuna kilichokuwa kimeharibika. Ningerudisha 24 na 13 kwenye ile mistari miwili, ofisi ingekuwa hewani ndani ya dakika moja.

Lakini mtu aliyeona maandishi mekundu saa nne usiku hasomi, anatafuta. Nikatafuta, nikaupata ule ushauri wa `-v`. Aliyeuandika hakukosea, alikuwa anamjibu mtu mwenye seva ya majaribio isiyo na kitu. Mimi ndiye niliyeuchukua bila kuuliza ulikuwa wa nani.

Nirudi kwenye baiti ishirini. Niliendesha ile skripti ya bakapu kwa mkono, na kwa mara ya kwanza katika miezi kumi na minne nikaona ilichokuwa ikilalamikia: `aborting because of server version mismatch`. Ubuntu 20.04 inakuja na zana za PostgreSQL za toleo la 12, na kanzidata yetu ilikuwa ya 13. Zana ya kutolea data, `pg_dump`, inakubali kusoma seva ya zamani kuliko yenyewe, ila seva mpya kuliko yenyewe inaikataa. Kila usiku saa nane ilikuwa inakataa.

Kwa nini basi faili lilikuwepo? Kwa sababu niliandika skripti hivi: toa data, ipeleke kwa `gzip`, iandike kwenye faili. `gzip` ikapokea hewa, ikaibana hewa, ikatoa faili halali kabisa la hewa iliyobanwa. Ukiibana hewa kwa namna hiyo inatoka na baiti 20 hasa, ni kichwa na mkia wa faili, katikati hamna kitu. Na kwa kuwa amri ya mwisho kwenye mnyororo ilifaulu, mfumo ukahesabu kazi yote imefaulu. Mimi kila mwisho wa mwezi nilikuwa naangalia kama faili la leo lipo, halafu naandika kwenye ripoti ya bosi: Bakapu, sawa.

Mafaili yenyewe, yaani picha na ramani, yalikuwa na nakala kwenye diski ya nje ninayoichomeka kila Jumamosi. Hilo lilikuwa salama. Kanzidata ndiyo inayojua faili lipi ni la nani, nani kashirikishwa na nani, kiungo gani katumiwa mteja gani, na kalenda za wote. Ukiipoteza unabaki na ghala la mafaili bila mwenyewe.

Nikarejesha matoleo ya zamani kwenye ile mistari miwili, mfumo ukawaka. Nikatoa data upya, safari hii kwa kutumia `pg_dump` iliyo ndani ya kontena yenyewe, ambayo kwa vyovyote ni ya toleo lilelile la seva:

`docker exec db pg_dump -U nextcloud -Fc nextcloud > ijumaa.dump`

Megabaiti 190. Nikalifungua kwa `pg_restore --list` nikaona orodha ya majedwali ikishuka. Nikanakili kwenye flashi mbili, moja nikaitia mfukoni kabisa. Ilikuwa saa sita kasoro. Mtu mwenye busara angelala hapo.

Mimi nikaendelea. Sehemu hii ndiyo iliyonigharimu zaidi, na ndiyo ambayo sikuona mtu ameieleza vizuri, kwa hiyo nitaikalia.

Nililipatia toleo la 15 volyumu mpya yenye jina jipya, nikaacha ile ya 13 ilivyo. Ndilo jambo moja nililolifanya vizuri usiku ule. Kisha nikaanza kuingiza data. Mistari ikamiminika: `role "oc_mkuu" does not exist`. Mamia.

Huyo `oc_mkuu` ni nani? Sikuwahi kumwumba. Nilipoweka mfumo niliipa Nextcloud mtumiaji wa kanzidata aitwaye `nextcloud`, ambaye ndani ya kontena ya PostgreSQL ndiye mtumiaji mkuu mwenye mamlaka yote. Nextcloud ilipoona kapewa mtu mwenye uwezo wa kuumba watumiaji wengine, ikaumba wake wa kutumia kila siku, ikampa jina la `oc_` na jina la msimamizi wangu, ambaye nilimwita `mkuu`. Majedwali yote yakawa mali yake. Nimeshasikia watu kadhaa waliokwama hapahapa. Fungua faili la mipangilio la Nextcloud, `config.php`, utazame mstari wa `dbuser`, utakuta jina usilolikumbuka.

Sasa kwenye PostgreSQL watumiaji hawakai ndani ya kanzidata moja, wanakaa juu, kwa seva nzima. Ukitoa kanzidata moja kwa `pg_dump`, watumiaji hawaji nayo. Wanatolewa kwa amri nyingine, `pg_dumpall --globals-only`. Sikuijua. Nikatafuta tena, nikaambiwa ongeza `--no-owner --no-privileges` na makelele yataisha. Nikaongeza, makelele yakaisha. Data ikaingia yote kimyakimya, na kimyakimya majedwali yote yakawa mali ya `nextcloud`, yule mtumiaji mkuu, kwa kuwa ndiye niliyeingia kwa jina lake.

Nikamwumba `oc_mkuu` kwa mkono, nikampa nenosiri lililo kwenye `config.php`, nikampa ruhusa zote juu ya majedwali yote. Ukurasa wa kuingia ukafunguka. Nikajaribu kupandisha picha, ikakataa: ruhusa ya majedwali haijumuishi vile vihesabu vinavyotoa namba za mfululizo. Nikaviongezea ruhusa navyo, picha ikapanda. Saa saba na dakika arobaini usiku nikafunga ofisi nikiwa najiona fundi. Mlinzi akaniuliza, "Kaka, leo mmelala humu?" Nikacheka.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikaanza hatua ya kwanza, 24 kwenda 25. Kontena mpya ikawaka, ikanakili programu yake, ikaanza kubadilisha kanzidata. Ikakwama.

`SQLSTATE[42501]: Insufficient privilege: permission denied for schema public`

Mfumo ukabaki kwenye hali ya matengenezo, kila anayefungua anaona ukurasa wa buluu wa kumwambia asubiri. Jumamosi tunafanya kazi mpaka saa saba, na mhasibu akapiga.

"Kaka, mtandao wako umelala. Nina mteja hapa anataka kiungo cha ramani yake."

"Dada, nipe nusu saa."

"Nusu saa ya kwako au ya saa?"

Nilitumia saa moja na nusu kuelewa ujumbe ule. Kabla ya toleo la 15, PostgreSQL ilikuwa inamruhusu mtumiaji yeyote kuunda majedwali kwenye skima iitwayo `public`, ambayo ndiyo uwanja wa kawaida wa kila kanzidata. Tangu toleo la 15, lililotoka Oktoba 2022, uwanja huo ni wa mwenye kanzidata peke yake, wengine mpaka waruhusiwe. Usiku kila kitu kilikwenda kwa sababu kusoma na kuandika kwenye majedwali yaliyopo ni jambo moja, kujenga jedwali jipya ni jingine. Matumizi ya kila siku hayajengi majedwali. Kusasisha ndiko kunakojenga. Ndiyo maana unaweza kukaa miezi na hitilafu hii bila kuijua, mpaka siku ya kusasisha.

Nikampa `oc_mkuu` ruhusa ya kujenga kwenye skima ile, nikaendesha tena:

`docker exec -u www-data app php occ upgrade`

Hiyo `-u www-data` usiisahau, amri za `occ`, zana ya kuisimamia Nextcloud, zinataka mtumiaji anayemiliki mafaili. Ikasogea. Hatua moja, mbili, nne. Kisha: `must be owner of table`.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa mezani aliposimama mlangoni mpimaji wetu mkuu, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye kompyuta anaitumia kwa kidole kimoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Vipi, umefiwa?"

Nikamweleza kwa kifupi. Mtumiaji huyu nimempa ruhusa zote, kusoma, kuandika, kufuta, na bado anaambiwa hana haki. Akauliza, "Hayo majedwali ni ya nani?" Nikasema ni ya mwingine, ila huyu ana ruhusa zote. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Kijana, hiyo kesi naijua, na wewe unaijua. Umempa ruhusa ya kulima. Analima, anavuna, hata mti anakata. Akitaka kusogeza bikoni ataulizwa hati."

Ndivyo ilivyo hasa. Kwenye PostgreSQL ruhusa za `GRANT` ni za kulima. Kubadilisha umbo la jedwali, kuliongezea safu au kuliwekea faharasa, ni kusogeza bikoni. Hizo ni za mwenye mali, na hakuna ruhusa ya jedwali utakayomgawia mtu ikalingana na umiliki. Mzee alinipa kwa sentensi mbili kitu nilichokuwa nakizunguka tangu asubuhi.

Na nilikuwa nimeongeza mgogoro. Kwenye kanzidata kuna jedwali linaloitwa `oc_migrations`, Nextcloud inaandika humo kila hatua ya uhamishaji iliyokamilika. Nilihesabu mistari yake nikalinganisha na ilivyokuwa Ijumaa, imeongezeka minne. Kwa hiyo nilikuwa na majedwali mapya yaliyo mali ya `oc_mkuu`, ya zamani yaliyo mali ya `nextcloud`, na mfumo ambao si wa 24 wala wa 25. Kiwanja kimoja, hati mbili.

Nikajaribu kuhamisha umiliki wote kwa mkupuo kwa `REASSIGN OWNED`. Ikakataa, kwa sababu yule `nextcloud` ndiye mtumiaji wa mwanzo wa seva nzima na anamiliki vitu ambavyo mfumo wenyewe unavihitaji. Nikaanza kuandika amri ya kuhamisha jedwali moja moja, mia na kitu. Nilifika kama la ishirini nikaacha.

Kulikuwa na mlango wa pembeni: kwenda `config.php`, kufuta `oc_mkuu`, kuandika `nextcloud`. Dakika moja tu na kila hitilafu ya ruhusa inatoweka, maana huyo hazuiwi na chochote. Wapo wanaofanya hivyo na mfumo unatembea. Mimi sikupenda programu inayofikiwa kutoka intaneti iwe na funguo za seva nzima ya kanzidata, na bado umiliki ungebaki mchanganyiko wa watu wawili.

Nikaamua kuibomoa yote na kuanza upya kutoka kwenye flashi ya mfukoni. Nasema "nikaamua" kana kwamba ilikuwa rahisi. Saa kumi na mbili za kazi zilikuwa zimeingia pale, na unapoweka saa kumi na mbili kwenye kitu unataka kukifufua tu. Kubomoa na kujenga upya kulichukua dakika arobaini.

Niliifuta ile volyumu ya 15 kwa kuitaja jina lake, bila `-v` ya kufagia kila kitu. Nikawasha PostgreSQL 15 tupu, na kabla ya kuingiza chochote nikafanya haya mawili:

`CREATE ROLE oc_mkuu LOGIN PASSWORD '…';`
`ALTER DATABASE nextcloud OWNER TO oc_mkuu;`

La pili ndilo linalomfanya awe na haki kwenye skima ya `public` kwa toleo la 15. Kisha nikaingiza data bila `--no-owner`. Hakuna mstari hata mmoja uliolalamika, maana mwenye mali alikuwepo anasubiri mali yake. Nikatazama orodha kwa `\dt`, safu ya mmiliki ikasoma `oc_mkuu` kutoka juu mpaka chini.

Ukichagua njia ya `pg_dumpall --globals-only`, kuna mtego mwingine. Kontena za toleo la 13 zilikuwa zinahifadhi nenosiri kwa mtindo wa md5, na tangu 14 zinataka scram. Mtumiaji atahama, nenosiri lake litakataliwa, nawe utadhani umelikosea. Liandike upya tu.

Kitu kingine kilichonitia hofu bure: programu ya Nextcloud kwenye volyumu ilikuwa imeshakuwa ya 25, na ukijaribu kurudisha kontena ya 24 inakataa kushuka. Nikadhani nimefungwa. Lakini programu ya 25 juu ya kanzidata ya 24 ndiyo hali ya kawaida dakika moja kabla ya `occ upgrade`, na kwenye `config.php` toleo lilikuwa bado linasoma 24, kwa sababu hubadilishwa mwishoni kazi ikikamilika. Nikaendesha. Ikapita kama maji.

Safari hii sikuwa na haraka. Baada ya 25 nikaingia kama mtumiaji wa kawaida, nikafungua ramani, nikapandisha picha, nikafuta, nikatoa bakapu nyingine. Kisha 26, vilevile. Kisha 27. Mistari miwili ya Compose sasa ina namba, na `latest` haijarudi kwenye ofisi hii. Kalenda ilikuwa imezimwa njiani kwa sababu programu-jalizi yake ilihitaji toleo jipya, nikaisasisha na kuiwasha. Nikamalizia kwa `occ db:add-missing-indices`.

Kulikuwa na picha 31 ambazo kijana wetu mmoja alizipandisha kutoka Mvomero Jumamosi saa moja na nusu asubuhi, kabla sijaanza, wakati kanzidata niliyoirudisha ilikuwa ya usiku wa Ijumaa. Mafaili yalikuwepo kwenye diski, kanzidata haikuyajua. `occ files:scan --all` ikayaokota yote. Laiti ningefunga mlango tangu Ijumaa kwa `occ maintenance:mode --on` nisingekuwa na yatima hao.

Jumapili mfumo ulikuwa hewani lakini unakokota miguu, folda moja sekunde nane. Hapo nusura nianze tena kubadilisha vitu ovyo. Kumbe ukirudisha data kwa `pg_restore`, takwimu ambazo PostgreSQL huzitumia kuchagua njia ya haraka haziji nazo. Amri moja, `ANALYZE;`, ikachukua chini ya dakika, folda zikarudi kufunguka mara moja.

Gharama: bando za shilingi elfu hamsini na tano, maana imeji nilizivuta za matoleo yote manne na nyingine mara mbili. Mteja mmoja aliyeondoka ofisini amekasirika. Na kipaimara cha mpwa wangu Jumapili asubuhi. Dada yangu aliniambia kwenye simu, "Tumekuwekea pilau, ila mtoto kakuulizia." Hilo la mwisho sijui niliweke kwenye fungu gani.

Jumatatu nikaenda kwa bosi na karatasi. Nilitaka kuanza na habari njema za toleo jipya, nikaona ni uoga, nikaanza na mafaili 418. Alikaa kimya.

"Kwa hiyo mwaka mzima tulikuwa tunatembea bila tairi la spea."

"Ndiyo, bosi. Na mimi ndiye niliyekuwa naandika kwamba lipo."

"Sasa lipo?"

"Lipo."

"Nionyeshe."

Sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamwonyesha faili, megabaiti zake. Akasema hajaomba kuona faili, anataka kuona ramani iliyotoka humo. Nikarudi mezani kwangu, nikawasha kontena za pembeni, nikaingiza bakapu ya usiku ule, nikachukua mafaili kutoka diski ya nje, nikamwita. Alifungua ramani ya kiwanja cha Kihonda, akaisogeza sogeza, akaondoka bila neno.

Sasa skripti ina `set -o pipefail`, ili hatua moja ya mnyororo ikianguka kazi yote ihesabike imeanguka, na faili likiwa chini ya megabaiti mia inanitumia ujumbe kwenye simu. Na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri, tunarudia lile alilolitaka bosi. Faili la kujaribia analichagua mhasibu, mimi siruhusiwi kuchagua. Anapenda kuniwinda na vitu vya zamani. Mara ya mwisho alitaka risiti ya dizeli ya Machi 2023, skani iliyopinda, mhuri wa kituo umefifia. Ilifunguka. Akaitazama, akasema, "Lita arobaini? Hii gari haikwenda popote wiki ile," akaondoka nayo kwenda kumtafuta dereva.